"Jeni zake zimehama": je, mwanangu amerithi saratani kwangu?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mbagala, na nina ujauzito wa miezi mitano. Mwanangu wa pili ana miaka sita. Alivimba taya la kulia, tukadhani ni jino. Jino likang'olewa, lakini wiki mbili baadaye uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko mwanzo. Tulipofika Muhimbili wakachukua kinyama, majibu yakasema ni limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ya seli nyeupe, na sasa ameanza dawa. Daktari aliniambia "jeni zimehama" kati ya kromosomu ya 8 na ya 14. Nilipofika nyumbani na maneno hayo, mawifi zangu wakasema basi ni damu ya kwetu, maana mjomba wangu alifariki kwa saratani ya tezi dume akiwa na miaka sabini na kitu. Mwingine anatushauri tuwapime DNA watoto wote kwenye maabara binafsi, na bei ni kubwa. Je, amerithi kwangu? Hawa wengine wapimwe? Na huyu wa tumboni? Au kosa ni langu kumwacha akae kwa bibi yake Rufiji miaka miwili?

Jibu: Marahaba mama, na pole sana kwa kuuguza. Nianze na linalokunyima usingizi. Kwa haya uliyoeleza, hukumrithisha. Ndugu zake wawili hawana haja ya kupimwa DNA, na ujauzito wako hauna sababu ya kuogopewa kwa ajili ya ugonjwa wa kaka mtu. Hiyo hela iwekeni kwenye nauli ya kliniki na chakula cha mgonjwa. Ila najua jibu fupi halitakufaa utakapokaa na mawifi zako, kwa hiyo nivumilie nieleze.

Shida inaanzia kwenye neno. Kwa Kiswahili jeni tumeziita vinasaba, na nasaba ni ukoo. Mzazi akiambiwa vinasaba vya mwanawe vina hitilafu, anachosikia ni kwamba ukoo una hitilafu. Nimeliona hilo mezani kwangu mara nyingi: nikishalitamka tu, baba anamgeukia mama, na mama anainama. Siku hizi nikiwa na wazazi silitumii kabisa. Nasema jeni, halafu nakaa chini nieleze jeni ni nini.

Kila seli ya mwili ina maelekezo yake ya kazi, yamegawanywa katika kromosomu 46. Nusu zilitoka kwa baba, nusu kwa mama. Seli ikigawanyika, maelekezo yote yananakiliwa upya, na mtoto anayekua seli zake zinagawanyika mchana na usiku. Makosa hutokea. Kosa likiwa lilikuwemo tayari kwenye yai la mama au mbegu ya baba, litakuwa katika kila seli ya mtoto, kuanzia unywele hadi ukucha. Hilo ndilo la kurithi. Lakini kosa likitokea kwenye seli moja ya tezi, mtoto ameshazaliwa na anakimbia uwanjani, linabaki kwa seli hiyo na kizazi chake tu. Saratani karibu zote ni ugonjwa wa jeni kwa maana hii ya pili. Ni za jeni, na si za ukoo.

Tunajuaje kwamba la mwanao ni la pili? Chukua seli za ndani ya shavu lake, au za ngozi ya mkono, uangalie kromosomu ya 8 na ya 14. Utazikuta nzima, kila moja mahali pake. Rudi kwenye uvimbe, na kila seli ya saratani ina mkato uleule, umekatika mahali palepale na kuungwa vilevile, kwa sababu zote ni wajukuu na vitukuu wa seli moja iliyokosea. Angekuwa amezaliwa nalo, lingekuwa shavuni pia. Na kwa sababu hiyohiyo, akipona, akakua, akaoa, hatawarithisha wanawe.

Ngoja nikuonyeshe kosa lenyewe, kwa kuwa ukilielewa hili mengine yote yanakaa sawa. Kwenye kromosomu ya 8 kuna jeni iitwayo MYC. Kazi yake ni kuiambia seli igawanyike. Katika seli yenye afya jeni hii inawashwa kwa muda, halafu inazimwa. Kwenye kromosomu ya 14 kuna jeni ya kutengeneza kingamwili, zile silaha za mwili dhidi ya wadudu wa magonjwa. Katika seli nyeupe za aina ya B, jeni ya kingamwili haizimwi, maana kingamwili ndiyo ajira ya seli hizo. Sasa kuna jambo ambalo hata sisi madaktari tulipolisoma mara ya kwanza lilitushangaza: seli B inakata jeni zake yenyewe, kwa makusudi. Ina kimeng'enya kiitwacho AID ambacho kinachana na kubadilisha jeni ya kingamwili ili silaha imkae adui sawasawa. Ni seli chache sana za mwili zenye ruhusa ya kukata jeni zake.

Fikiria fundi wa cherehani mwenye mkasi mkali na vitambaa viwili mezani. Kazi yake ni kukata kitambaa cha kwanza na kukishona upya. Kazi ikiwa ndogo, anakata kwa utulivu. Kazi zikimwagika mezani, foleni mlangoni, usiku na mchana, siku moja mkasi unapitiliza hadi kitambaa cha pili, na katika haraka ya kushona anaunga pindo la hiki na kipande cha kile. Ndivyo MYC inavyong'oka kwenye kromosomu ya 8 na kushonewa pembeni ya jeni ya kingamwili kwenye ya 14. Hapo imewekwa kando ya swichi isiyozimwa. Seli inaamriwa igawanyike, igawanyike, igawanyike. Limfoma ya Burkitt inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na ndiyo maana zile wiki mbili baada ya kung'oa jino zilitosha kukutisha. Wengi huanzia hapohapo kwa daktari wa meno, kwa sababu uvimbe wa taya unalegeza meno na mtoto analalamika jino. Usijilaumu kwa hilo.

Karibu wagonjwa 8 kati ya 10 wa Burkitt wana huo mkato wa 8 na 14. Waliobaki, mkato ni kati ya kromosomu ya 8 na ya 2 au ya 22, ambako nako kuna jeni za kingamwili. Njia ni tofauti, matokeo ni mamoja.

Kipande cha uvimbe wa mwanao kikiwekwa chini ya hadubini kinaonekana hivi: seli za bluu iliyokolea zimebanana kama mchanga wa bahari, zote ukubwa mmoja, na kati yao matundu meupe hapa na pale. Wataalamu wa patholojia wanauita mwonekano huo "anga lenye nyota". Hizo nyota ni seli walinzi zinazokula mizoga ya seli zilizokufa kwa kugawanyika kupita kiasi. Kila ninapokiona nakumbuka kwamba hata ndani ya uvimbe wenyewe mwili wa mtoto bado unapigana.

Nani alimjazia fundi kazi? Hapa tunafika kwenye swali lako la Rufiji, na nataka nilijibu kwa uangalifu.

Mwaka 1958 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya aliokuwa akiwaona wodini. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kutoka Kampala kushuka kusini, wakapita na Tanganyika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine kuuliza kama wanauona ugonjwa huo. Waligundua kwamba uko nyanda za chini zenye joto na mvua, na unapotea ukipanda milimani kwenye baridi. Ramani yake ililingana na ramani ya malaria. Kisha mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, huko London, wakapata kirusi ndani ya seli za uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda. Kirusi hicho ndicho tunachokiita Epstein-Barr.

Kirusi hicho kinaambukizwa kwa mate, na huku kwetu karibu kila mtoto anakipata akiwa bado mdogo sana. Kwa wengi hakileti hata homa ya kukumbukwa. Kinajificha ndani ya seli B na kukaa humo maisha yote. Ubaya wake ni huu: seli ambayo MYC yake imewashwa bila kuzimwa kwa kawaida hujiua yenyewe, ni kinga tuliyoumbwa nayo. Seli iliyobeba kirusi hicho inasaidiwa isife. Malaria nayo, ikimrudia mtoto mara kwa mara, inazichochea seli B zizaliane na kutengeneza kingamwili bila mapumziko, mkasi wa AID mkononi. Kirusi kinamlinda fundi aliyekosea, malaria inamjazia kazi. Vikikutana kwenye seli moja kati ya mabilioni, na mkato ukaangukia mahali pabaya, ndipo ugonjwa unaanza.

Sisi Watanzania tuna sehemu yetu katika historia hiyo. Kati ya 1977 na 1982, Mara Kaskazini, eneo ambalo leo ni Tarime na Rorya, watoto walikuwa wakigawiwa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza Burkitt. Malaria ilipungua, na Burkitt ikashuka. Ila ilikuwa imeanza kushuka hata kabla dawa haijaanza kugawiwa, kwa hiyo utafiti ule haukutoa jibu safi. Ushahidi wa baadaye kutoka maabara, unaoonyesha malaria inavyochochea kile kimeng'enya, umetupa uhakika zaidi.

Kwa hiyo, bibi na Rufiji. Ndiyo, malaria ina mkono katika ugonjwa huu, na mimi siwezi kukuficha. Lakini hesabu watoto wote wa kijiji kile waliougua malaria mara kumi na wenye kirusi hicho mwilini. Ni karibu wote. Wangapi walipata Burkitt? Labda hakuna hata mmoja zaidi ya wako. Mkasi unateleza kwa bahati mbaya, na hakuna mzazi wala bibi anayeweza kuuona ukiteleza. Bibi alimlea mjukuu wake. Asiambiwe vinginevyo.

Mawifi zako wakikuuliza mbona wengine wanazaliwa na saratani ya damu, waambie hata hiyo. Saratani ya damu ya watoto, lukemia, mara nyingi huanza mtoto akiwa tumboni, na bado kwa kawaida si ya kurithi. Wanasayansi, akiwemo Mel Greaves wa Uingereza, walirudi kwenye matone ya damu ya kisigino ambayo huko hukaushwa kwenye karatasi kila mtoto anapozaliwa. Kwa baadhi ya watoto waliougua lukemia miaka kadhaa baadaye, walikuta muungano wa jeni uitwao ETV6-RUNX1 ukiwa tayari kwenye tone la siku za kwanza. Na wazazi je? Muungano huo hautoki kwao. Pacha wa kufanana wanalionyesha hili vizuri zaidi. Kosa linatokea kwa mmoja wao, seli zake zinapita kwenye kondo la nyuma wanalochangia, na mwenzake anazipokea. Wote wawili wanaweza kuugua kwa seli zilizotoka kwa mmoja. Zilipita kwa damu ya kondo, kama maji yapitavyo kati ya vyumba viwili vyenye bomba moja. Ukoo haukuhusika.

Zaidi ya hapo, inakadiriwa kuwa mtoto 1 kati ya 100 anazaliwa na muungano huo, na wengi mno kati yao hawaugui kamwe, kwa sababu kosa la kwanza linahitaji la pili. Hebu fikiria sasa mtu angewapima watoto wote hao na kuwapa karatasi. Angewapa wazazi hofu ya miaka mingi kwa ugonjwa ambao haukuwa unakuja. Ndiyo maana nikisikia maabara inauza "kipimo cha DNA cha saratani" kwa watoto wazima wasio na dalili yoyote, moyo unaniuma.

Lakini nisikudanganye kwa upande wa pili. Saratani za watoto za kurithi zipo, ni chache. Mwaka 2015 hospitali ya watoto ya St. Jude ya Marekani ilichapisha uchunguzi wa watoto 1,120 wenye saratani za kila aina. Waliokutwa wamezaliwa na jeni yenye hitilafu ya kuleta saratani walikuwa 95, yaani asilimia 8.5. Kwa wenye lukemia peke yao ilikuwa asilimia 4.4. Kwa hiyo zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hawakuzaliwa nayo.

Kuna mambo ambayo nikiyasikia kwenye maelezo ya familia naweka kalamu chini na kuanza kuuliza upya. Kwa Burkitt hasa, nauliza kuhusu wavulana wa upande wa mama. Kuna jeni iitwayo SH2D1A kwenye kromosomu X. Mama anaweza kubeba nakala yake mbovu bila kuugua, lakini mwanawe wa kiume akiipata, kirusi cha Epstein-Barr kinaweza kumuua au kumletea limfoma. Ni nadra mno. Ingekuwa kwenu, ungeniambia kaka zako wawili watatu, au wana wa dada zako, walifariki wadogo kwa homa iliyovimbisha tezi, ini na wengu. Kifo kimoja cha utotoni hakitoshi kusema hivyo, kwa kuwa malaria imetunyang'anya watoto karibu kila nyumba.

Nauliza pia kama baba na mama ni ndugu. Huku pwani kuoa binti wa mjomba au wa ami ni jambo la heshima na sisemi vibaya. Ila yapo magonjwa yanayohitaji nakala mbili mbovu za jeni moja, na ndugu wakioana nafasi ya nakala hizo kukutana inaongezeka. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi anakuja na alama. Yupo anayeyumba akitembea na macho yenye vimishipa vyekundu, yupo mfupi mwenye kidole gumba kisicho kamili na upungufu wa damu usiokoma, yupo mwenye mabaka mengi ya rangi ya kahawa ya maziwa mwilini. Halafu kuna familia ambamo kila kizazi mtu anapata saratani akiwa kijana: matiti kabla ya miaka 35, mfupa, ubongo wa mtoto. Hapo nashuku hitilafu ya kurithi kwenye jeni iitwayo TP53. Mjomba mmoja mwenye miaka sabini na saratani ya tezi dume hayumo katika picha hii. Ni ugonjwa wa wanaume wazee wa kila ukoo.

Ukiona lolote katika haya kwenu, mwambie daktari wa mwanao. Kama hakuna, funga ukurasa huo.

Kuna kitu kimoja cha kurithi ambacho ningependa umuulize daktari wake, nacho hakihusiani na chanzo cha saratani. Ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, ambao ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria kama ya kwetu. Dawa ikianza kuua seli za Burkitt, zinakufa nyingi kwa pamoja na kumwaga uchafu kwenye damu, na figo zinaweza kuzidiwa. Ndiyo sababu siku za mwanzo anatundikiwa maji mengi, nawe unapewa kopo lenye mistari upime kila mkojo na kuandika. Usikose kuandika hata ule wa saa tisa usiku, tafadhali. Kuna dawa moja ya kuvunja asidi ya mkojo, rasburikesi, ambayo mtoto mwenye upungufu wa G6PD hapaswi kupewa kwa sababu inavunja seli zake nyekundu. Mara nyingi hapa tunatumia alopurino, ambayo haina shida hiyo. Uliza tu, kisha andika jibu kwenye daftari lake. Kipimo hicho kina faida kuliko DNA ya familia nzima.

Na dawa zenyewe? Burkitt inakimbia, lakini ndiyo hiyo kasi inayoifanya iuawe kirahisi, maana dawa za saratani hupiga seli zinazogawanyika. Katika nchi zenye vifaa vyote, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanapona. Huku kwetu wanaopona ni wachache kuliko hapo, na sababu kubwa ni kuchelewa kufika na kukatisha dawa njiani. Uvimbe wa taya unaweza kuyeyuka ndani ya wiki moja, mtoto akaanza kula ubwabwa na kucheza, na nyumbani wakasema amepona, arudi shule. Hapo ndipo tunapowapoteza. Seli zilizojificha, hasa kwenye maji ya uti wa mgongo, bado zipo, na zile sindano za mgongoni unazoziogopa ndizo zinazozifuata huko. Kama nauli au malazi vitakukwamisha, zungumza na ustawi wa jamii wa wodini mapema, kabla hujakosa tarehe. Muhimbili wanafanya kazi pamoja na Tumaini la Maisha, wanaosaidia familia za watoto wenye saratani.

Ndugu zake waendelee kulala ndani ya chandarua kama kawaida, wewe na huo ujauzito pia. Mmoja wao akivimba taya, tumbo au jicho, mlete, kama ambavyo ningemwambia mama yeyote.

Kuhusu mawifi, nina ombi. Usibebe maneno haya peke yako kuyapeleka nyumbani. Siku ya kliniki ijayo mwombe mume wako aje, na wifi mmoja, yule mwenye sauti kubwa kuliko wote. Mwombeni daktari achore vijiti viwili kwenye karatasi, kimoja akiandike 8 na kingine 14, avikate mbele yenu na kuviunga vibaya. Kisha muulizeni kwa sauti, ili wifi asikie mwenyewe: "Ukiangalia shavuni kwa mtoto, vijiti hivi viko hivyo?"